Chukudu ya fundi wa Ndosho: nyota nne

Chukudu ni ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo hapa Goma. Miezi minne sasa ninashusha nayo viazi kutoka Kibumba, kwa hiyo nina haki ya kuongea. Mbao ni mkaratusi, bei dola 90 baada ya kubishana asubuhi nzima. Magunia manne inabeba bila kunung'unika. Kwenye mteremko wa Kibati, ile breki ya kipande cha tairi unayoikanyaga kwa kisigino inakamata hata barabara ikiwa na matope.

Kasoro ni gurudumu la nyuma. Mti ulikuwa mbichi, likapasuka wiki ya tatu. Fundi alilibadilisha bure, ila nilikaa pale tangu saa mbili hadi saa nane.

Na Papa mmoja, mzee wa kanisa, alikuwa pale na chukudu yake. Anajua Jumapili sionekani kwenye ibada. Akagonga usukani wangu: "Mwanangu, hii ilijitengeneza yenyewe? Dunia je?"

Nikamjibu: Papa, hii ninajua ina fundi kwa sababu mafundi nimewaona, huyu hapa na randa yake. Dunia ikichongwa sijaona hata moja. Mwanafalsafa Mskoti David Hume aliliandika hilo kwenye kitabu kilichotoka 1779, yeye akiwa ameshakufa miaka mitatu. Sikusema Muumba hayupo. Nimesema sijui. Watu wa namna yangu, mwanasayansi Mwingereza Thomas Huxley alitutafutia jina mwaka 1869: agnostiki. Mzee akasema jina hilo linafanana na la dawa ya minyoo.

Fundi, bila kuinua macho: "Mimi mwenyewe sikuitunga hii. Nilimwiga mjomba, naye aliiga kwa mtu. Zangu za kwanza zilivunjika zote." Nilishtuka. Hume ana mfano karibu uleule, wa fundi wa merikebu anayeiga wenzake, na huyu bwana hajawahi hata kumsikia. Lakini mzee hakukosa neno: "Na yule wa kwanza kabisa, alimwiga nani?" Hapo nilinyamaza. Bado sina jibu.

Nyumbani, mama ana lake. Jioni ya 22 Mei 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ilipopasuka, lava ilifika mtaa wa Buhene ikasimama kabla ya uwanja wa ndege. Kwa mama, ni Mungu aliyeizuia kwa mkono. Simbishii, maana usiku ule hata mimi niliomba, tena kwa sauti. Ila mama wa Buhene anayetuuzia maharage aliomba pia, na nyumba yake iko chini ya mawe meusi mpaka leo. Nikiwasikiliza wote wawili, siwezi kuchagua.

Ukienda kununua, gonga magurudumu moja moja kabla ya kutoa pesa. Likitoa sauti nzito, mti bado una maji, dai lingine. Nyota ya tano nitaitoa masika yakipita na gurudumu jipya likiwa zima.