Fundi wa Mwanga, Kigoma: mpelekee data inayopotea

Kama programu yako inapoteza data umeme ukikatika, nenda kwa fundi mmoja wa kompyuta pale Mwanga, jirani na soko. Wengine niliowapitia walitaka kupiga Windows tu, wakati mashine zangu wala hazitumii Windows.

Natunza programu ya mauzo ya dagaa ya wafanyabiashara wa Kibirizi. Imeandikwa kwa lugha ya C, nimeirithi kwa aliyenitangulia. Kompyuta ya Linux haikuwa na neno. Mac mini ndiyo iliyokuwa ikipoteza mauzo ya mwisho kila umeme ulipokatika, ingawa fsync, mwito wa kuomba data iandikwe diskini, ilirudisha sifuri, yaani imefaulu.

Fundi alisoma msimbo kwanza, kimya, muda mrefu. Kisha akasema, "Dada, hii sifuri ya Mac si sawa na ya Linux." Akanieleza kwamba write, mwito wa kuandika, huiachia keneli (kiini cha mfumo endeshi) data kwenye kumbukumbu tu, na fsync ndiyo huisukuma kwenda diskini. Linux huiamuru pia diski iandike kabisa data iliyo kwenye akiba yake ya ndani. Kwenye macOS, mfumo wa Mac, fsync ya kawaida haitoi amri hiyo, kwa hiyo diski inaweza kubaki na data mahali ambapo umeme ukikatika inapotea. Anayetaka uhakika aite fcntl, mwito mwingine wa mfumo, kwa amri ya F_FULLFSYNC. Akaiweka, tukachomoa waya katikati ya kazi, na mauzo yote yakabaki. Kuhifadhi kumekuwa kuzito, hivyo akaniwekea iitwe mara moja kwa kila risiti, siyo kila mstari.

Nilipompa tano ni kwenye chelezo, yaani nakala ya akiba ya data. Faili letu limepita gigabaiti 2. Linux hupokea baiti 2,147,479,552 tu kwa mwito mmoja wa write, inarudisha idadi hiyo na kuiachia programu imalizie. Yetu haikuangalia idadi, kwa hiyo chelezo ilikatika bila kosa lolote kuonekana. macOS yenyewe hukataa papo hapo kwa kosa la EINVAL, yaani thamani isiyokubalika. Dawa ni moja kote: andika vipande vidogo ndani ya kitanzi, ukihesabu kilichoandikwa kweli. Alinionyesha kwa strace, programu ya Linux inayofuatilia miito kwa keneli, jibu la keneli mstari kwa mstari. Ufundi wa namna hii naustahi sana.

Chumba ni kidogo na kina joto, na foleni ya simu mbovu humchelewesha. Bei mnapatana kabla, haibadiliki. Beba mashine zote mbili pamoja na msimbo, maana bila msimbo atakurudisha nyumbani.