Uzoefu wangu: siku tatu za kuzoea mji wa Kathmandu kabla ya kwenda kujitolea

Wadau, kuna watu wameniuliza kuhusu kile kifurushi cha siku tatu ambacho mawakala wa kujitolea wanakuuzia kabla hawajakupeleka kijijini, eti kama ni hela ya maana au ni kupigwa tu. Mimi nilikichukua Novemba 2024, Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, nikiwa njiani kwenda wilaya ya Gorkha kufundisha hesabu. Nilitoa dola 110 huku nanung'unika kabisa, maana nilijiambia mtu nimekulia Kariakoo, leo nikafundishwe kuvuka barabara na nani?

Mwanzo wenyewe ulikua mbovu. Pale uwanja wa ndege wa Tribhuvan dereva wangu hakutokea, nimesimama na mabegi dakika hamsini, madereva teksi wamenizunguka kila mtu na bei yake, nacheki simu naona saa imeruka masaa mawili na dakika 45 mbele ya nyumbani, zile dakika 45 nikajua simu ishakufa, kumbe ndo saa ya nchi nzima. Mwisho nikachukua teksi mwenyewe, jamaa kaanza na rupia 1500 tukamalizana 900 mpaka Thamel, mtaa wanaofikia watalii. Hapo tayari wameshapoteza nyota.

Kelele sasa. Honi hazikati, pikipiki zinapanda mpaka wanapopita watu wa miguu, nyaya kwenye nguzo zimesokotana utadhani nywele hazijaona kitana mwaka mzima, vumbi unalisikia kwenye meno. Konda wa kibasi kaning'inia mlangoni anaita "Ratnapark Ratnapark Ratnapark" huku anapiga bodi kwa kofi, nikacheka peke yangu, huyu si konda wa Gongo la Mboto kabisa huyu! Na gari zinapita kushoto kama kwetu. Kwa hiyo vurugu haikunitisha, niseme ukweli.

Kilichonichapa ni vitu vidogo. Risiti ya hoteli imeandikwa mwaka 2081, maana wana kalenda yao. Halafu namba. Siku ya pili tuko soko la Asan, pale njia zinapokutana, viungo na vyombo vya shaba vimejaa mpaka barabarani, nikaona soksi za sufu zina kibandiko cha bei, nikasoma 940. Nikakunja uso, nikamwambia yule bibi 700, akanitazama. Nikapanda 750! Bibi akacheka mpaka akafunika mdomo, akachomoa kwenye noti zangu ya mia moja na ya hamsini, zingine akanirudishia mkononi na kuzifumba na vidole vyangu. Kumbe bei ni 150, namba yao ya moja imekaa kama tisa yetu na ya tano inataka kufanana na nne. Mwalimu wa hesabu huyo.

Aliyeniokoa ni dada waliyetupa wa kutuzungusha, tulimwita didi, yaani dada mkubwa, kule hata muuza chai hujui jina lake unamwita hivyo, kama kwetu tu. Nilimpa chupa yangu ya maji anywe, akaipokea, akaiinua juu akajimiminia mdomoni bila kugusa, nikahisi labda kaniona mchafu. Akanielewesha kwamba chakula au kinywaji kilichoguswa na mdomo wa mtu wanakiita jutho, humpi mwenzio. Hebu fikiria ningeenda kulianza hilo kijijini kwa wenyeji wangu. La kula kwa mkono wa kulia halikua geni, hilo mtu wa pwani huna cha kumfundisha.

Na kuvuka barabara kweli nilifundishwa, aibu yangu. Kariakoo unavizia upenyo unachomoka. Kule ukichomoka ndo unagongwa, unatembea mwendo ule ule taratibu, pikipiki zinakupita mbele na nyuma, wewe huongezi wala hupunguzi. Mara ya kwanza nilimshika didi mkono kama mtoto wa chekechea.

Msosi safi, wali na dengu na mboga na achari, ukimaliza wanakuongezea. Zile safa tempo, vigari vya umeme vya miguu mitatu, panda hata mara moja, madereva wengi ni wakina mama na wana roho ngumu balaa.

Vipindi vya asubuhi vya kukaa darasani kuangalia slaidi mimi nilisinzia, hayo ungesoma mwenyewe kwenye ndege. Nimewapa 3 kwa 5. Wangefuta slaidi na wakaleta dereva uwanjani ningewapa 5 zote. Ukienda panga siku zako zisiangukie Jumamosi, ndo siku yao ya mapumziko, Jumapili mwaka huo nilikuta watu wako kazini, mimi nilihangaika na laini ya simu kwa ajili hiyo. Na barakoa beba za kutosha, zangu ziliisha siku ya pili.