Stendap ya Alhamisi Nairobi: wachekeshaji wakali, meneja mwoga

Hii klabu sitaitaja, wanaoijua wanaijua. Tiketi ni 1,000, chipsi masala 450, spika inakoroma ukikaa upande wa choo lakini wachekeshaji ni moto. Kuna dada alichambua makato ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, mpaka mzee wa meza ya mbele akamwaga soda.

Shida ni meneja. Mlangoni wanakubandikia stika kwenye kamera ya simu, mbele na nyuma, hiyo sina neno, klipu ikikatwa vibaya inaweza kummaliza mtu. Lakini sasa amepiga marufuku utani wote wa makabila eti NCIC, ile tume ya uwiano na utangamano inayofuatilia matamshi ya chuki, watamfungia. Jamani! Ile sheria yao ya 2008 kifungu cha 13 haisemi ukimkera mtu basi umekwisha, inataka maneno yawe ya vitisho ama matusi, halafu uwe na nia ya kuchochea chuki ya kikabila ama hali ilivyo ionyeshe chuki itachochewa, hapo ndio faini ya hadi milioni moja ama jela mpaka miaka 3 ama zote mbili. Kuiga shosho wa Murang'a akipatana bei ya nyanya hakufiki huko, ni utani mchovu tu na dawa yake ni watu wasicheke.

Sawa, uoga wake una sababu, 2022 kabla ya uchaguzi NCIC walitoa orodha ya maneno ya chuki mpaka "watajua hawajui" ikawa ndani, na hiyo sheria inamgusa hata anayeonyesha rekodi ya video. Lakini kuita watu wa makabila mengine madoadoa na kumuiga mama mboga, nani hapa Kenya hajui tofauti baada ya zile vurugu za uchaguzi wa 2007?

Kijana mmoja alianza stori ya babake Mluhya na ugali, babake mwenyewe wa kumzaa, maiki ikakatwa katikati. Watu wakazomea meneja vibaya sana. Akapanda jamaa wa Bongo akatuambia tuache kulia, kwao mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa 2020 baada ya video akicheka picha ya zamani ya Magufuli, yaani kucheka tu, ukumbi ukavunjika mbavu na meneja yuko pale kwa kaunta amenuna.

Nyota 3, zote za wachekeshaji. Mkienda agizeni chakula mapema, jikoni wanafunga saa nne.