Chambo bandia kwa mvuvi wa Mombasa: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Ninayo hapa mezani ndoana ya meno matatu iliyonyooka. Jino moja limefunguka hadi limekuwa kama sindano ya kushonea magunia, na mengine mawili yamepinda yakaangalia nje. Ilikuwa imefungwa kwenye samaki wa plastiki wa buluu na fedha, mzuri wa kupendeza, niliyemnunua kwa shilingi 300 katika duka moja mjini. Alidumu asubuhi moja. Pale majabalini chini ya barabara ya Mama Ngina, maji yakianza kujaa, kolekole alimbeba, uzi ukalia kidogo tu, kisha ukalegea. Mzee mmoja aliyekuwa akivua kwa mshipi wa mkono kando yangu aliichukua ile ndoana, akaigeuza kwenye mwanga, akaniambia, "Mwanangu, hii si ya bahari hii."

Na kweli si ya bahari hii. Chambo bandia vingi vya bei rahisi tunavyouziwa Mombasa, madukani na kwa simu, vimetengenezwa kwa ajili ya blakbasi, samaki wa maji baridi wa Marekani, yule yule aliyeletwa Ziwa Naivasha karibu miaka mia iliyopita. Blakbasi mkubwa anayejulikana sana alivuliwa Georgia mwaka 1932, na uzito wake ulikuwa kilo 10 na kidogo. Wengi hawafiki hata kilo 3. Kolekole wetu akikua anaweza kupita kilo 50, na hata mdogo wa kilo 5 ana nguvu za kukushangaza. Ndoana ya blakbasi ni nyembamba kwa sababu nzuri: fimbo nyepesi iweze kuizamisha mdomoni bila kutumia nguvu. Pete zake ni nyembamba kwa sababu hiyo hiyo, na chumvi haikuwamo katika hesabu ya aliyezitengeneza. Kifaa si kibovu, ila kimeletwa mahali pasipo pake, na anayelipa gharama ni sisi.

Kwa hiyo katika mpangilio wangu hapa chini, rangi na macho yanayong'aa nimeyaweka mwisho kabisa. Kwanza naangalia chuma: ndoana, pete, na namna vilivyoshikana na mwili wa chambo. Pili naangalia kitaruka umbali gani kikipambana na upepo wa kusi. Tatu naangalia kitaniuma kiasi gani mfukoni kikinasa mwambani, maana kitanasa.

Kabla ya kununua, kishike chambo mkononi uangalie tundu za kufungia uzi na ndoana. Kilicho bora kina waya mmoja unaopita ndani ya mwili kuanzia puani hadi mkiani, kwa hiyo hata plastiki ikipasuka samaki bado yuko kwenye waya. Cha bei rahisi kina vijiskurubu vitatu vilivyozamishwa kwenye plastiki, kila kimoja kivyake. Plastiki nyingi huonyesha ndani ukiielekeza juani. Kama muuzaji anakataa usifungue pakiti hata kidogo, nenda duka la pili.

Ukifika nyumbani, fanya jaribio la dumu. Chukua dumu, litie maji lita 10, lifunge kwenye ndoana kwa kamba ngumu, kisha ulinyanyue taratibu ukishikilia chambo kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa kwenye pete ya puani. Usikishike kwa vidole: ndoana ikiachia itakurukia. Lita 10 ni kama kilo 10, na breki ya rili yangu (kile kigurudumu cha kukunjia uzi) siikazi kupita kilo 6 au 7, kwa hivyo chambo kinachostahimili dumu hilo kitastahimili samaki wengi wa ufukweni. Kwa chambo cha kurusha nje ya mwamba ninatia lita 20. Pete ikifunguka hata upenyo wa ukucha, itupe. Halafu chukua ndoana moja, iache usiku kucha ndani ya kikombe cha maji ya bahari. Asubuhi ukikuta maji yamegeuka rangi ya chai, umeshajua.

Jaribio hilo halimaanishi utupe kila kitu. Mara nyingi mwili wa chambo cha shilingi 300 ni mzima na unaogelea vizuri, ubovu uko kwenye ndoana na pete tu. Nunua pakiti ya pete nzito na ndoana moja moja za baharini, zile nene zisizoshika kutu upesi, uzibadilishe kwa koleo. Angalia tu uzito: ndoana nzito mno humzamisha samaki wa plastiki upande mmoja, akaogelea kama mgonjwa. Mjaribu ndani ya ndoo kabla hujampeleka baharini.

Sasa mpangilio wenyewe.

Nafasi ya kwanza, kwa anayevua akiwa amesimama nchi kavu, naipa jigi ya chuma ya gramu 30 hadi 40. Ni kipande cha madini ya risasi chenye umbo la dagaa, kimepakwa rangi, kina pete juu na ndoana moja au mbili zilizofungwa kwa kamba fupi. Sura yake haivutii, na ndiyo sababu wengi huipita. Lakini inaruka mbali kuliko kingine chochote, inapasua upepo wa kusi, inazama upesi mahali penye mkondo, na haina sehemu ya kuvunjika. Imenipa kolekole, sehewa, mzia na tewa, wote kwa jigi ya aina moja. Na kwa kuwa ndoana ziko juu, karibu na kichwa, haikwami sana kama samaki wa plastiki mwenye ndoana tumboni.

Kosa la wanaoanza ni kuirusha na kuivuta mfululizo kama ndoo ya kisima. Irushe, iache izame ukihesabu kimoyomoyo. Mara ya kwanza hesabu hadi iguse chini na uzi ulegee, tuseme 18. Mara ya pili anza kuivuta ukifika 14, isifike mwambani. Nyanyua fimbo kwa nguvu, kisha ishushe ukikusanya uzi uliolegea. Jigi ikianguka hupepesuka ubavu kama dagaa aliyejeruhiwa, na wengi wa samaki wangu wameishika ikianguka. Hutasikia kishindo. Utaona tu uzi umesimama kabla ya wakati wake. Hapo kaza.

Jambo moja kuhusu bei. Jigi utapoteza. Mimi mwezi ambao nimevua sana hupoteza nne au tano. Kwa hiyo usinunue moja ya bei ghali, nunua tano za bei ya kati na uweke pesa iliyobaki kwenye ndoana. Wako wavuvi wanaoyeyusha risasi za betri kuukuu na kujimiminia wenyewe kwenye mchanga. Sikushauri: ndani ya betri mna asidi, na moshi wa risasi ni sumu, hasa penye watoto. Afadhali kijiko. Chukua kijiko cha chai cha chuma kisichoshika kutu, kata mpini, toboa tundu mbili kwa drili, moja kila upande, lainisha kingo kwa tupa, tia pete na ndoana. Kinayumba majini na kumeta vizuri ajabu, na mzia hawezi kukivumilia. Hakiruki mbali kama jigi, lakini nikikipoteza sisikitiki.

Nafasi ya pili ni samaki wa raba mwenye kichwa cha risasi, mkia wake mpana unaotikisika. Huyu ni wa kuvulia ndani, kwenye mikono ya bahari inayoingia nchi kavu: Mkono wa Tudor, Mtwapa, kandokando ya mikoko, mahali maji yametulia na jigi nzito ingezama topeni. Kichwa cha gramu 7 hadi 14 kinatosha. Mvute polepole, pole kuliko unavyodhani, akigusa chini na kunyanyuka. Hapa kifaa cha blakbasi kinafanya kazi vizuri bila marekebisho mengi, maana raba ni raba. Badilisha kichwa tu, uchague chenye ndoana nene.

Udhaifu wake ni bunju. Bunju ana meno kama mkasi, na anapenda raba. Utahisi mguso mdogo, tik, hakuna uzito wowote, ukivuta utakuta mkia umekatwa umbo la nusu mwezi, safi kabisa. Mahali penye bunju wengi unaweza kumaliza pakiti nzima ndani ya nusu saa. Mkia wa pili ukikatwa, hama hatua hamsini au ubadilishe chambo. Usishindane naye.

Kwa mwenye chombo mpangilio hubadilika. Akiwa anarambaza, yaani anavuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, nje ya mwamba, nafasi ya kwanza inakwenda kwa samaki mgumu mwenye ulimi wa plastiki kidevuni, yule ambaye mimi na wenzangu tunamwita rapala hata kama ni wa kiwanda kingine. Jina hilo ni la Lauri Rapala wa Finland, aliyechonga wa kwanza mwaka 1936 kwa kizibo, akamvika karatasi ya fedha ya chokoleti na kumpaka negativu za picha zilizoyeyushwa. Ulimi ndio unaomfanya ajitikise na kuzama. Wa sentimita 12 hadi 16 ndiye wa nguru. Hapa ndipo ninapokubali kulipa shilingi 1,500 na zaidi, kwa sababu chombo kikienda kasi samaki wa bei rahisi hulala ubavu na kuzunguka, akausokota uzi wote. Na usisahau waya. Meno ya nguru hukata nailoni bila wewe kusikia chochote. Sentimita 30 za waya mwembamba zinatosha, ukizidisha anaogelea vibaya.

Asiye na pesa ya rapala asikae nyumbani. Manyoya meupe ya jogoo, au nyuzi za gunia la nailoni zilizochambuliwa na kufungwa juu ya ndoana, ni chambo bandia halali na cha zamani. Kurambaza kwa manyoya kumelisha nyumba nyingi za pwani hii.

Popa, ile inayobaki juu ya maji na mdomo wake uliochimbika unaotema maji, naiweka nafasi ya tatu kwa wa nchi kavu. Hakuna kitu kinachosisimua kama kuona kolekole anapasua maji nyuma yake alfajiri, na nasema hivi moyo ukinidunda. Lakini inachosha mabega, inahitaji fimbo nzito, na ndiyo inayoshambuliwa kwa nguvu kuliko zote, kwa hivyo ya bei rahisi ndiyo inayovunjika kuliko zote. Isiyo na waya wa kupita ndani usiinunue kabisa.

Mwisho wa orodha ni spinabeti (chambo chenye kibati kinachozunguka), vyura wa raba na minyoo mirefu ya raba ya rangi ya zambarau. Hivi ni vya blakbasi hasa. Chura ametengenezwa apite juu ya majani ya ziwani bila kunasa, na kule Naivasha kwenye magugu anafaa sana. Kama una safari ya huko, nunua. Kwa Mombasa, viache.

Rangi nitaisema kwa ufupi. Nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea ukishuka kwenda chini, na kwenye mita kumi hivi huonekana kama kijivu au nyeusi, kwa hivyo tumbo jekundu lisikuongezee bei. Maji safi ya kaskazi, tumia fedha au buluu. Maji ya kahawia wakati wa masika, ndani ya mikono ya bahari na mitoni, tumia cheusi au manjano kali. Basi.

Wakati ni muhimu kuliko rangi. Hapa kwetu wakati wa bamvua, yale maji makubwa, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mkondo wa Kilindini na wa mdomo wa Tudor unakwenda kama mto. Jigi ya gramu 30 hapo haitagusa chini, panda hadi 60 au subiri. Mimi hupenda saa moja na nusu ya kwanza maji yakianza kujaa, na mwisho wa kujaa kabla hayajasimama. Maji mafu, siku ambazo bahari haipandi wala kushuka sana, nayatumia kwa raba, ndani ya mikono. Yakisimama kabisa, kunywa chai.

Mbele ya Nyali na Bamburi kuna mbuga ya bahari iliyotangazwa mwaka 1986, na ndani yake kuvua ni marufuku, hata kwa ndoana moja. Mipaka yake si rahisi kuiona, kwa hivyo waulize wazee wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) wa ufuo huo kabla ya kurusha, na waulize pia kuhusu leseni. Ukifika mahali wanapovua wa mishipi ya mikono, amkia, ujulishe, na usirushe juu ya mishipi yao.

Anayeanza na shilingi 2,000 baada ya kupata fimbo, ningemnunulia hivi: jigi tatu za gramu 40, pakiti moja ya raba na vichwa vinne, pakiti ya pete nzito na ndoana za baharini kumi. Kijiko atoe jikoni, akiruhusiwa. Bonyeza kwa koleo kile kijino cha ndoana kinachozuia isichomoke, ukilaze. Samaki atakayepotea kwa sababu hiyo ni mmoja mmoja, lakini ndoana ikiingia kidoleni mwako juu ya majabali yenye utelezi, utaichomoa mwenyewe bila kwenda hospitali. Ukirudi nyumbani suuza kila kitu kwa maji baridi ya bomba, kausha kivulini, na usifungie chambo kilicholowa ndani ya sanduku pamoja na vikavu. Ndoana moja yenye kutu huambukiza sanduku zima kwa wiki moja.