Rifraktomita ya kupimia chumvi, kwa wafugaji wa samaki wa baharini huku mwisho wa reli

Wakuu salama, hii ni kuhusu rifraktomita ya mkono ya kupimia chumvi. Huku Kigoma bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 na maji ya tangi tunayakoroga wenyewe kwa chumvi ya pakiti, sasa bila kipimo cha uhakika unabahatisha na roho za samaki.

Haidromita za plastiki zenye mshale (zile zinazopima chumvi kwa mshale unaoelea) ni za bei poa ila kipovu kidogo tu kikiganda kwenye mshale namba inapanda, maji yale yale. Rifraktomita unadondosha matone mawili matatu kwenye kioo, unafunika, unasubiri kama nusu dakika joto lilingane halafu unachungulia ukielekea kwenye mwanga, pale bluu inapokutana na nyeupe ndo namba yako. Haitumii betri wala umeme, na umeme unavyokatika hilo mi nalipenda sana.

Nalenga 35, yaani gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji. Ugumu uko kiangazi, upepo wa ziwani unakausha maji balaa na kinachoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki palepale, tangi la lita 100 likipungua lita 3 tu 35 imeshakuwa 36 so kila siku unaongeza kidogo maji yasiyo na chumvi, mi natumia ya RO (yaliyochujwa mpaka madini karibu yote yametoka). Kuna wanaojazia maji ya ziwa kwa sababu pH yake (kipimo cha uasidi na ualkali) inakaribia 9, jamani Tanganyika chumvi yake haifiki hata gramu 1 kwa lita ila madini inayo na yanajikusanya kwenye tangi taratibu.

Lawama yangu ni kijitabu chake. Kinasema sawazisha sifuri kwa maji ya distili basi, wakati inaweza kuwa sawa kwenye sifuri ikadanganya kwenye 35. Tena nyingi za bei rahisi zimetengenezwa kupima chumvi ya mezani sio maji ya bahari, kwa hiyo bahari ya 35 zinasoma karibu 36.5. Fanya hivi: chumvi ya mezani gramu 36.5 kwenye gramu 963.5 za maji ya distili, koroga iyeyuke yote, hapo kwa kipimo hiki ni sawa na bahari ya 35, dondosha, zungusha skrubu mpaka isome 35. Chumvi kaipime kwenye mzani wa sonara, wa jikoni hauoni nusu gramu. Na ukimaliza kupima futa kioo kwa kitambaa laini chenye maji safi, chumvi ikikaukia pale inaharibu kipimo kinachofuata.

Mi ilinitoka 60,000 na nauli ya basi kutoka Dar ikiwa humo humo. Mwenye kamba au matumbawe inunue kabla hata ya kufikiria taa, hao chumvi ikiruka ghafla hawavumilii kabisa.