Mtetemo wa Hilux niliyoinyanyua: uzoefu wangu na fundi wa Keko aliyepima kabla ya kufungua

Gari ni Hilux Vigo ya 2008, dabo kebini, dizeli ya 3.0, gia za mkono. Nina shamba la mananasi Kiwangwa, na masika ikishika, njia ya kuingilia shambani inageuka tope linalofika kwenye difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Kwa hiyo mwaka jana niliinyanyua. Mbele niliweka spesa juu ya shokapu, nyuma nikaongeza pleti moja ya springi, na vile vyuma vinavyoshika springi kwa nyuma nikafungiwa virefu zaidi. Matairi nikaweka 265/70 R16. Gari likasimama vizuri, shambani likawa linaingia na kutoka bila kusukumwa. Shida ikaanzia kwenye lami.

Kuanzia kilomita 75 kwa saa sakafu ilikuwa inaanza kunguruma. Ukifika 80 hadi 85, kioo cha ndani kinatetema mpaka taa za gari la nyuma unaziona mbili mbili, na mtetemo unausikia kwenye nyayo. Usukani wenyewe umetulia kabisa.

Fundi wa kwanza alisema matairi. Nikafanya balansi, shilingi 40,000, na hakuna kilichobadilika. Wa pili akasema krosi, yaani viungo vya propela, lile bomba refu linalozunguka chini ya gari kupeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu. Zikabadilishwa zote pamoja na senta beringi inayoishika propela katikati, vifaa na ufundi vikanitoka 310,000, na gari likarudi likiwa baya kuliko lilivyokwenda. Hapo niliumia sana, maana vifaa vilikuwa vipya na nilikwenda kuvichagua mwenyewe kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani.

Ndipo jamaa tunayeuza naye mananasi akanielekeza kwa fundi mmoja mzee, Keko, Dar es Salaam. Gereji yake ni ndogo, ina shimo moja na vijana wawili. Kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba kupima ni 70,000, kutengeneza ni hesabu nyingine, na nikiridhika na kipimo ninaweza kwenda kutengeneza kokote. Tumezoea kupima ni bure na pesa iko kwenye kubadilisha. Mimi sasa nauona utaratibu wake kuwa wa haki zaidi, kwa sababu hana haja ya kunitafutia kifaa kibovu ili naye apate chochote.

Hakugusa spana. Alichora mstari wa chaki kwenye tairi la nyuma na mwingine kwenye propela, vijana wakasukuma gari taratibu mpaka tairi likamaliza mzunguko mmoja, yeye yuko shimoni anahesabu. Propela ilizunguka karibu mara nne, pungufu kidogo. "Difu yako ni 3.9, mwanangu. Sasa twende barabarani."

Tulitoka Jumapili alfajiri, malori hayajawa mengi, tukaenda mpaka mbele ya Kibaha. Simu yake aliilaza sakafuni kati ya viti, ina programu inayosoma mtetemo ni mara ngapi kwa sekunde. Nikiwa kwenye 80 akaniambia niweke gia ya 4, halafu ya 5, mwendo usibadilike. Injini ilibadilika mlio, mtetemo ukabaki ule ule. Kisha nikaweka nyutro, gari likaserereka lenyewe injini ikiwa inaunguruma silensa, yaani polepole bila kukanyagwa mafuta. (Usizime injini kwenye jaribio hili, usukani na breki vinakuwa vizito.) Mtetemo uliendelea na ukapungua kadiri mwendo ulivyopungua. Injini na klachi zikatoka kwenye orodha hapo hapo.

Simu ilisoma karibu 71 kwa sekunde. Mzee alinifanyia hesabu nyuma ya risiti ya mafuta. Tairi la saizi yangu kwenye kilomita 80 kwa saa linazunguka mara 9 hivi kwa sekunde. Zidisha kwa 3.9, propela inazunguka 35 na kitu. Ingekuwa matairi, simu ingesoma 9. Ingekuwa propela haina balansi, ingesoma 35. Sisi tumepata mara mbili ya propela, na hiyo ni alama ya krosi kufanya kazi kwenye pembe mbaya. Krosi iliyokunjwa haisukumi kwa mwendo ulio sawa. Katika kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Krosi ya upande wa pili ikiwa na pembe ile ile, inalifuta kosa hilo. Pembe zikitofautiana, kosa linabaki na linakwenda kwenye bodi.

Tuliporudi, gari lilipandishwa juu ya shimo matairi yakiwa yamekanyaga chini. Alisisitiza hilo, kwamba gari likiwa juu ya jeki na ekseli inaning'inia, namba utakazopata ni za uongo. Akaweka kipima pembe chenye sumaku. Propela yangu ni ya vipande viwili. Kipande cha mbele kinashuka digrii 3.0, cha nyuma 8.0, na shingo ya difu nayo inashuka kuelekea nyuma digrii 6.5. Maana yake krosi iliyo nyuma ya senta beringi inafanya kazi kwenye digrii 5.0 na ile ya difuni kwenye 1.5. Hazilingani hata kidogo, na 5.0 yenyewe ni kubwa. Yeye anataka ziwe kama 3 hivi.

Halafu akaniita niteremke. Alifuta grisi kwa tambara, akaweka rula ya chuma kwenye masikio yanayoshika krosi ya mbele ya kipande cha nyuma, kisha kwenye masikio ya difuni. Rula haikulala upande mmoja mara zote mbili, wakati masikio hayo yanatakiwa yalingane. Yule aliyebadilisha krosi aliichomoa propela kwenye sehemu inayoteleza na kuirudisha ikiwa imeruka jino moja. Ndiyo maana gari lilizidi kuwa baya na vifaa vipya. Alama moja ya rangi kabla ya kuchomoa ingeniokoa miezi miwili.

Alirekebisha jino kwanza, tukajaribu, mtetemo ukarudi kuwa kama ule wa mwanzo. Nilipenda kwamba hakufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kesho yake tukaja kwenye pembe. Nilimuuliza kuhusu kabari za kuweka kati ya springi na ekseli, nilikuwa nimeshaziona madukani. Akasema zingeweza kusawazisha pembe mbili, lakini zote zingebaki karibu na 5 na krosi zisingedumu. Dawa ilikuwa kurudisha vyuma vya awali vya springi, kwa kuwa vile virefu ndivyo vilivyoinua mdomo wa difu. Pleti ya kuongeza ikabaki. Namba mpya: 3.0, 6.1 na 3.2, yaani krosi ziko kwenye 3.1 na 2.9. Ufundi 90,000, hakuna kifaa nilichonunua.

Nyuma nimepoteza kama sentimita 4 za kimo, na kwa anayekwenda shamba masika hilo si dogo. Pia mzee hana haraka: niliahidiwa saa tatu asubuhi, gari likaingia shimoni saa nane, na namba zote nilizoandika hapa nilizinakili mwenyewe kwa sababu hatoi karatasi ya vipimo. Angetoa, hata kwa mkono, ningempa alama zote.

Wiki iliyofuata nilipita barabara ya Bagamoyo–Msata na tenga za mananasi nyuma, 90 kwa saa, chupa ya maji imesimama kwenye dashibodi na maji yake yametulia. Baada ya kilomita 500 nilirudi Keko kukaza upya nati za springi kama alivyoniagiza. Mbili zilikuwa zimelegea robo mzunguko, na hakunitoza kitu.