Huw Morgan Ng'ambo ya Bahari: Maoni Kuhusu "Up, into the Singing Mountain"

Wasomaji wengi wa Richard Llewellyn huishia kwenye "How Green Was My Valley", riwaya ya mwaka 1939 kuhusu familia ya Morgan katika bonde la wachimba makaa ya mawe kusini mwa Welisi, wakidhani habari za Huw zimekwisha pale anapofunga nguo zake katika kitambaa cha buluu ambacho mama yake alizoea kujifunga kichwani. Kumbe safari ndiyo kwanza inaanza. Kitabu cha pili, kilichotoka mwaka 1960, kinatupeleka pamoja naye hadi Patagonia, kusini mwa Argentina, na kwa maoni yangu hakistahili kusahauliwa jinsi kilivyosahauliwa.

Atakayekisoma ajue kwanza kilichowapeleka Wawelisi kule. Meli ya Mimosa iling'oa nanga Liverpool mwezi Mei 1865 ikiwa na watu wapatao 150, waliotafuta mahali ambapo wangesali, wangesomesha watoto na kuamua kesi zao kwa Kiwelisi, maana katika baadhi ya shule za kwao mtoto aliyenaswa akizungumza lugha hiyo alitundikwa kibao shingoni. Mimi nilisoma Kenya, na nilivishwa kibao cha namna hiyo siku nzima kwa kosa la kumjibu mwenzangu kwa lugha ya nyumbani; uzi wake ulinikwaruza shingo hadi jioni. Ndiyo sababu sikuweza kuwasoma watu hawa kama wageni. Walikuta nchi kame yenye upepo, wakaponea kwa mifereji waliyochimba kutoka mto Chubut na kwa ujirani wa Wateuelche, wenyeji waliobadilishana nao nyama kwa mikate na kuwafundisha kuwinda.

Uzuri mkubwa wa kitabu uko katika lugha. Huw anasimulia kwa Kiingereza chenye mwendo wa Kiwelisi, neno lenye uzito likitangulia na mengine yakilifuata, hivi kwamba sentensi iliyonikwama nilipoisoma kimyakimya ilifunguka nilipoisoma kwa sauti. Namshauri msomaji afanye hivyo na asiharakishe.

Upungufu upo. Baba yake Huw, Gwilym, na mama yake, Beth, ambao maneno yao yalikuwa nguzo ya kitabu cha kwanza, hawapo tena mezani, na pengo lao halijazibwa. Zipo kurasa ambazo hadithi inajikokota. Hata hivyo, hamu ya nyumbani inayoandikwa humu ni ya kweli kabisa, ingawa baada ya Llewellyn kufariki mwaka 1983 ilibainika kwamba alizaliwa London, wala si St Davids kule Welisi kama alivyopenda kusema.

Sasa naitafuta riwaya ya tatu, ya mwaka 1966, inayoendelea hukohuko Patagonia. Ile ya mwaka 1975, ambamo Huw anarudi Welisi, nitaiacha kwanza. Sijawa tayari kumwona akirudi.